Kikosi Kipana: Lugha ya Washabiki wa Kandanda Katika Mjadala wa Usajili



Kila mwaka, ligi inapomalizika na kabla nyingine haijaanza, huja majuma kadhaa ambayo mpira hauchezwi lakini huzungumzwa kuliko wakati wowote. Ni majuma ya usajili. Katika miji ya Tanzania watu husimama asubuhi mbele ya meza za magazeti, wakasoma vichwa vya habari bila kununua; jioni, kwenye vijiwe vya kahawa, habari zile zile huchambuliwa upya, mtu akiwa na kikombe mkono mmoja na kashata mkono wa pili. Nani aachwe? Nani abaki? Beki wa kushoto akiumia, nani atashika namba yake? Kipa wa pili yuko wapi? Kisha, katikati ya msimu, dirisha dogo hufunguliwa na mjadala ukaanza tena, mara hii kwa hasira zaidi, kwa kuwa makosa ya dirisha kubwa yamekwisha kuonekana uwanjani.

Mada ya mhadhara huu ni lugha ya mjadala huo. Aghalabu lugha ya kandanda hutazamwa kama ghala la msamiati: golikipa na mlinda mlango, straika na mshambuliaji, refa na mwamuzi, na swali linaloulizwa huwa ni neno lipi ni sanifu na lipi limetoholewa. Swali hilo lina faida yake. Hata hivyo, mshabiki haendi kijiweni kutaja majina ya vitu. Huenda kubisha, na kubisha kunahitaji sarufi: njeo, hali, masharti, upatanisho, viambishi vya nafsi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ubishi wa usajili huifanyisha sarufi ya Kiswahili kazi ngumu, na kwamba katika kazi hiyo lugha hutoa hukumu juu ya riziki ya binadamu, mara nyingi kabla hukumu yenyewe haijathibitika.

Upana, kina na urefu

Neno la kuanzia ni upana. Mshabiki wa Kiswahili anapotaka kusema kwamba timu yake ina wachezaji wa kutosha, kiasi kwamba akiumia mmoja mwingine ataingia na mchezo usiharibike, husema timu ina "kikosi kipana". Upande wa pili utamjibu kwamba kikosi chake ni chembamba, au kwamba upana huo ni wa majina tu. Usemi huu umezoeleka kiasi kwamba hausikiki tena kuwa ni sitiari. Lakini ni sitiari, na uteuzi wake si wa lazima.

Mfano wa mbali utasaidia kuonyesha hivyo. Katika beziboli ya Marekani, timu ya ligi kuu hucheza michezo 162 katika msimu wa kawaida. Mtu anayerusha mpira kumwelekea mpigaji, yaani mrushaji kwa tafsiri nyepesi, hawezi kufanya kazi hiyo kila siku, kwani bega na kiwiko havikubali. Warushaji wanaoanza mchezo hupokezana, kila mmoja akipumzika siku nne au tano, na nyuma yao huwapo wengine wanaoingia mchezo ukiwa umeshika kasi. Tangu mwaka 2020 orodha ya kawaida ya timu ni wachezaji 26, na tangu mwaka 2022 warushaji katika orodha hiyo hawaruhusiwi kuzidi 13. Kwa hiyo mshabiki wa beziboli hutumia msimu mzima akihesabu mikono: mkono upi umechoka, upi umepasuliwa, upi uletwe kutoka timu za chini, nani aondolewe ili kumpa nafasi. Ubishi wao, ukiondoa majina na tarakimu, unafanana sana na wa kijiweni. Ila wao, kwa Kiingereza, husema timu ina kina. Waitaliano, katika kandanda yao, husema timu ina benchi refu. Waswahili husema kikosi ni kipana.

Jambo ni lile lile, vipimo ni vitatu. Picha ya kina hutazama kila nafasi uwanjani kama kisima: juu yupo mchezaji wa kwanza, chini yake wa pili, chini zaidi wa tatu, na mwenye timu anapochota hapaswi kufika kwenye mchanga. Wachezaji wamepangwa wima na daraja zao zinajulikana. Picha ya upana ni ya mkeka. Mkeka mpana hukalisha watu wengi, nao hukaa ubavu kwa ubavu. Katika matumizi ya kawaida Kiswahili hulitumia neno kina kwa maji na kwa fikra, na neno pana kwa vile vinavyochukua vingi ndani yake: eneo pana, mawazo mapana, ushiriki mpana. Mshabiki aliyesema kikosi kipana hakutafsiri usemi wa kigeni. Alichukua kipimo ambacho lugha yake tayari ilikitumia kwa wingi na ukunjufu.

Isidhaniwe kwamba kwa sababu hiyo Mswahili huwaona wachezaji wake wote kuwa sawa. Lugha haimfungi mtu namna hiyo, na mshabiki yeyote anajua vizuri nani ni chaguo la kwanza na nani ni chaguo la pili. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi, na pengine ndiyo maana kinaaminika: sitiari ya upana huruhusu swali la aina fulani kuulizwa kwa urahisi. Kikosi kikiwa ni mkeka, basi kila aliyekaliwa nafasi ana haki ya kuuliza kwa nini yeye yuko pembeni. Ndiyo maana mshabiki hulalamika kwa niaba ya mchezaji asiyepangwa kana kwamba amedhulumiwa. Anayewaza kisima ni vigumu kuilalamikia tabaka ya chini kwa kuwa chini.

Sitiari hii ina mahali inaposhindwa, napo ni langoni. Husikiki usemi wa "upana wa makipa". Lango ni moja, kipa anayesimama ni mmoja, na hapo lugha hurudi mara moja kwenye tarakimu: kipa namba moja, kipa namba mbili, kipa namba tatu. Suala la makipa litarejewa, kwa sababu ndipo ubishi unapokuwa mkali kuliko penginepo.

Akiba na kuoza

Mchezaji anayeanzia nje huitwa mchezaji wa akiba. Neno lenyewe ni la nyumbani. Akiba ni nafaka ya ghalani, ni fedha iliyofungwa pembe ya kanga. Methali husema akiba haiozi, na Mswahili yeyote huikubali bila mjadala. Lakini mshabiki yule yule, akiona mchezaji kijana amekaa nje miezi sita, atasema "anaozea benchi". Kauli mbili zinagongana waziwazi, na mgongano huo umebeba hoja nzima ya usajili. Je, mchezaji anayewekwa ni nafaka au ni ndizi? Kocha anayetaka kikosi kipana huongea kwa mujibu wa methali. Mshabiki anayemhurumia kijana huongea kwa mujibu wa uzoefu wake wa sokoni, ambako vingi vinavyowekwa huharibika.

Kitenzi chenyewe kinastahili kutazamwa. Kuozea kina kiambishi cha kutendea chenye maana ya mahali: kuoza hapo, kwenye benchi. Benchi si sababu ya kuoza bali ni pahali pake. Kipo na kisemwa kingine, "kusugua benchi", ambacho ni cha kejeli zaidi. Hapa mchezaji ndiye mtenda. Amepewa kazi ya kusugua, na kazi hiyo haina mwisho wala malipo ya maana. Hayo yote ni matumizi hai, yenye kanuni na yenye tofauti za maana, lakini anayejifunza Kiswahili kwa kamusi peke yake hatayapata kwa urahisi. Wanaosema kwamba Kiswahili cha vijiweni kimepooza wangefaa kukaa hapo dakika kumi.

Tangu mwaka 2020, kwanza kwa muda na kisha kwa kudumu kuanzia mwaka 2022, sheria za mchezo zimeruhusu wachezaji watano wa akiba kuingia badala ya watatu. Kwa mshabiki maana yake ni kwamba karibu nusu ya timu ya uwanjani yaweza kubadilishwa kabla ya kipenga cha mwisho. Akiba sasa hutumiwa kila juma, kama mshahara. Hata hivyo neno halijabadilika. Ni kama neno namba, ambalo zamani liliashiria jezi ya mchezaji, kuanzia moja hadi kumi na moja, na leo, ingawa wachezaji huvaa hata namba 40, mshabiki bado husema "namba sita" akimaanisha kiungo anayekaba mbele ya mabeki. Kutoka hapo neno limepanuka hata likamaanisha haki ya kucheza: mchezaji hugombea namba, hupata namba, hupokonywa namba. "Hana namba" ni hukumu fupi kuliko zote kijiweni.

Binadamu au kifaa

Vichwa vya habari vya majuma ya usajili vina sarufi yao. Njeo ya -a-, ambayo katika mazungumzo ya bara husikika kwa nadra, huko imeshamiri: klabu yanasa, yashusha, yatema. Mchezaji mpya hutua, kitenzi kinachofaa ndege na pia mzigo unaoteremshwa kichwani. Akikubaliana na klabu, humwaga wino. Mchezaji asiyetakiwa hutemwa kama ganda la muwa, au hufungashiwa virago. Katika kufungashiwa, mnyambuliko umefanya kazi kubwa: yupo anayefunga mizigo, yupo anayefungiwa, lakini kauli ya kutendwa imemficha wa kwanza. Virago vinafungwa na nani? Sentensi haisemi, wala haikusudii kusema.

Mgeni huitwa kifaa, mashine, chuma, jembe. Hapa upatanisho wa kisarufi huingia kwenye njia panda. Kanuni ya jumla inafahamika: nomino inayotaja kiumbe hai, hata ikiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa watu. Kiongozi amefika, kipofu amekuja, kipa ametoka golini. Neno kipa lina kisa chake kidogo. Linaanza na ki- kama kitabu, ambacho pia ni mgeni, lakini wakati kitabu kilikubali kuwa vitabu, kipa alikataa kuwa vipa na akawa makipa. Neno kiungo linaeleza kanuni hii vizuri zaidi. Mzee anayeumwa baridi yabisi husema "viungo vimechoka". Kocha husema "viungo wamechoka". Silabi moja inatenganisha magoti na wachezaji wa katikati.

Je, jembe? Mchezaji anapotua, mshabiki husema bila wasiwasi "jembe jipya limetua" au "majembe mapya yameshuka". Ngeli ni ya vitu, na furaha ni ya mtu aliyenunua kitu. Lakini mchezaji huyo huyo akianguka uwanjani akashika goti, upatanisho huelekea kugeuka: "jembe letu ameumia". Kitenzi kuumia kinadai mwenye mwili, na jembe halina mwili wa kuumia. Basi mpito kutoka li- kwenda a- hutokea pale maumivu yanapoonekana. Asipofanya vizuri, mtu huyo huweza kurudishwa tena kwenye vitu, safari hii vya hadhi ya chini: huitwa mzigo, au garasa, ile karata isiyo na thamani ambayo wengine huitamka galasa. "Wachezaji mizigo" ni muundo wa nomino mbili zilizopangana bila kiunganishi, nao haukubaki uwanjani. Mwaka 2013 siasa za Tanzania zilijaa maneno "mawaziri mizigo", na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Sisi na wao

Mshabiki hana kura katika kamati ya usajili. Hapangi kikosi, hasaini mkataba, hajui kiasi kilicholipwa. Hata hivyo husema "tumesajili", "tuna kikosi kipana", "tumepigwa". Kiambishi tu- humfanya awe mwenye timu. Jambo linalovutia ni lini humwondoka. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini aina yake inafahamika kwa yeyote aliyewahi kupita penye kahawa:

"Mzee, mwaka huu tumesajili. Tuna kikosi kipana."

"Kipana wapi, kijana wangu? Beki wa kushoto tunaye mmoja. Akiumia?"

"Si watapandisha mmoja kutoka timu ya vijana."

"Akina nani watapandisha? Si wale wale waliomfungashia virago yule wa mwaka jana?"

Mazungumzo yameanza kwa tu- na kuishia kwa wa-. Kijana amesema "tumesajili" alipojivuna, na "watapandisha" alipobanwa. Mzee ameendelea na tu- alipotaja upungufu, "tunaye mmoja", kwa sababu upungufu ni msiba wa wote. Lakini uamuzi wa kumwacha mtu ameukabidhi kwa wao. Hakuna jina lililotajwa. Mgawanyo wa lawama umefanywa na viambishi vya nafsi peke yake, na wote wawili wameuelewa. Uchunguzi wa Kiswahili unaohesabu maneno ya mkopo katika mazungumzo kama hayo utaondoka na neno beki mkononi, na kuacha nyuma kilichosemwa.

Kuna hatua ya tatu, iliyo mbaya zaidi. Mshabiki aliyekata tamaa kabisa huacha hata wa- na kuitaja klabu kwa jina lake, nafsi ya tatu umoja, kama mtu wa mbali: "Simba ya mwaka huu haina kitu", "Yanga haijifunzi". Anayesema hivyo ni mshabiki wa timu hiyo hiyo. Mpinzani wake hufahamu mara moja kwamba ameumia, na kwa kawaida humwachia nafasi apumue. Kwa kawaida, si siku zote.

Kama tungekuwa

Sehemu kubwa ya mjadala wa kikosi ni ya mambo ambayo hayakutokea. Vitabu vya sarufi hufundisha kwamba -nge- ni ya sharti ambalo bado laweza kutimia na -ngali- ni ya lile ambalo wakati wake umepita. Wanafunzi huikariri tofauti hiyo kwa ajili ya mtihani. Katika mazungumzo ya leo ya wengi -nge- imebeba mizigo yote miwili, na muktadha ndio unaoamua.

Utata huo si hasara tupu. Chukua sentensi, "Tungekuwa na straika wa pili, tungefika mbali." Imesemwa mwezi wa Desemba, dirisha dogo likiwa wazi. Kwa kiongozi anayesikiliza huo ni ushauri: tafuta straika, bado kuna muda. Kwa kocha ni shutuma: mlikuwa na muda, hamkutafuta. Mshabiki hajachagua, na pengine hataki kuchagua. Angalisema "tungalikuwa", mlango wa ushauri ungalifungwa.

Yako mashindano ambayo yameacha -nge- nyingi kuliko mengine. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan, ikatoka sare ya 0-0 ugenini, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam mbele ya watu wake. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, kisha ikashinda 1-0 Algiers. Jumla ikawa 2-2, na kombe likaenda Algeria kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Sentensi inayotokana na hesabu hiyo ni rahisi mno: "Tusingeruhusu bao la pili Dar es Salaam, kombe lingekuwa Jangwani." Ni kweli kimahesabu. Lakini kutoka hapo ubishi hupanda ngazi: tusingeruhusu bao hilo kama angecheza fulani, fulani angecheza kama asingeachwa, asingeachwa kama wangesikiliza. Kila sharti linakuwa jibu la sharti lililotangulia, na mnyororo unaishia daima kwenye usajili. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Simba katika fainali ya kombe hilo hilo: ilifungwa 2-0 na RS Berkane nchini Morocco, ikatoka sare ya 1-1 Zanzibar. Washabiki wa upande wa pili, waliokuwa na minyororo yao ya miaka miwili nyuma, walikuwa na sentensi za kutosha kuwaazima.

Amekwisha

Imebaki langoni. Ilitajwa kwamba kwa makipa upana hauna nafasi. Wa pili huweza kukaa msimu mzima bila kugusa mpira wa mashindano, kisha akaitwa dakika ya 80 ya mchezo mkubwa kuliko yote. Kwa hiyo swali la nani ni namba moja, na lini aondolewe, huulizwa kwa ukali usio wa kawaida. Hukumu yake ina kitenzi chake: "amekwisha", au kama wengi wanavyotamka siku hizi, "ameisha".

Kuisha ni kitenzi cha vitu vyenye kiasi. Sukari imekwisha, mafuta yamekwisha, mwezi umekwisha. Mtu anapokuwa kiima chake, huchukuliwa kama chombo kilichokuwa na kitu na sasa kitupu. Kiambishi -me- huongeza uzito. Hakisimulii tendo lilivyotokea bali huonyesha hali iliyopo kama tokeo la jambo lililokwisha kutukia. Anayesema "amekwisha" hatakiwi kutoa siku wala saa, wala kuonyesha mchezo ambamo kuisha kulitokea. Yeye anasoma tu hali iliyopo, kama mtu anayefunua kopo la sukari.

Sasa atazamwe mtetezi. Kukanusha "ameisha", sarufi inampa "hajaisha". Lakini -ja- ya kukanusha ina maana ya kungojea: jambo halijatokea mpaka sasa, nalo linatarajiwa. Kwa kusema "hajaisha" mtetezi amekubali nusu ya hoja ya mpinzani, kwamba kuisha kupo njiani, kilichobaki ni tarehe. Akikimbilia "bado", kama katika "bado yumo", hali ni ile ile, kwani bado nayo hutazamia mabadiliko. Kiswahili hakina njia fupi ya kusema kwamba swali la kuisha halimhusu mtu huyo kabisa. Mshitaki ana silabi moja inayojitosheleza; mtetezi ana silabi inayomsaliti. Kipa wa miaka 28 na wa miaka 38 hutetewa kwa neno lile lile.

Katika historia ya karibuni ya soka la Tanzania, kipa ambaye njia yake inaonyesha gharama ya sarufi hii ni Juma Kaseja. Mwaka 2003 Simba iliifunga Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, 1-0 Dar es Salaam. Ikafungwa 1-0 Cairo, na ikapita kwa mikwaju ya penalti, Kaseja akiwa langoni. Kwa miaka iliyofuata jina lake lilikuwa karibu sawa na neno kipa katika vinywa vya wengi. Mwaka 2013 Simba iliachana naye, akajiunga na Yanga, ambako alikuwa amewahi kucheza. Kwa mshabiki wa Msimbazi kauli "amekwisha" wakati huo ilikuwa na kazi ya ziada: ilipunguza uchungu wa kumwona upande wa pili wa mji. Kilichokwisha hakiibiwi.

Kati ya Julai na Agosti 2019, katika kufuzu kwa mashindano ya CHAN, Tanzania na Kenya zilitoka sare ya 0-0 Dar es Salaam na 0-0 tena Kasarani, Nairobi. Kaseja, ambaye wakati huo alikuwa kipa wa KMC, alisimama langoni katika mikwaju ya penalti na kuokoa, Tanzania ikashinda 4-1. Mwezi uliofuata, katika kufuzu Kombe la Dunia, sare mbili za 1-1 na Burundi ziliamuliwa kwa njia hiyo hiyo Dar es Salaam, Tanzania ikashinda 3-0, yeye akiwa langoni. Ilikuwa miaka 16 baada ya usiku wa Cairo.

La kuzingatia kwa mwanaisimu ni namna lugha ilivyoweza kujisahihisha. Huwezi kusema kwa Kiswahili kwamba mtu ameacha kuwa amekwisha. -Me- haina mlango wa kurudi nyuma. Anayetaka kuifuta hukumu ile hana budi kuipeleka kwenye wakati uliopita na kuitia mdomoni mwa watu wengine: "Si mlisema ameisha?" Nafsi ni ya pili wingi, njeo ni ya -li-, na msemaji, ambaye huenda mwenyewe aliwahi kusema hivyo kijiweni hapo hapo, hayumo katika sentensi.